Deni la dola laki tano kusomea udaktari wa meno Marekani: bado inalipa?

#1 Kisiki cha Mvule
Wakuu habari. Uzi huu ni kwa walioko Marekani hasa waliosomea meno au wanaofanya kazi kwenye kliniki za meno, ila na wengine karibuni.

Mdogo wangu wa kike kamaliza digrii ya baiolojia, ana grini kadi, mtihani wa DAT wa kuingilia vyuo vya meno kafaulu vizuri hata ile sehemu ya maumbo inayotesa watu. Kapata nafasi chuo binafsi cha meno, kile cha jimbo letu wamemweka kwenye listi ya kusubiri. Nimekaa na karatasi ya gharama ya hicho cha binafsi, ada, vifaa, bima ya afya, pango, chakula, miaka minne inavuka dola laki tano. Laki tano! Na serikali haikopeshi tena hela yote hiyo, kwa hiyo zilizobaki ni benki, na benki wanataka mdhamini, na mdhamini ndo mimi.

Msimamo wangu nauweka wazi ili mnipinge vizuri: hii fani bima zimeshaikaba koo, wenye mitaji wananunua kliniki, na kijana anayeanza leo anabeba deni la nyumba mbili wakati hana hata chumba. Asubiri mwaka aombe tena chuo cha jimbo au abadili fani kabisa. Nilipomwambia hivyo kanuna, hapokei simu zangu. Semeni.

#2 Bwana Hesabu
Tuanze na sheria maana wengi hawajaisoma. Mkopo wa Grad PLUS, ule uliokua unaziba pengo lote la gharama tangu 2006, umefungwa kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Ni ile sheria kubwa iliyosainiwa Julai 2025. Anayeanza kozi kama meno, udaktari au sheria sasa anakopa serikalini mwisho dola 50,000 kwa mwaka na jumla isizidi 200,000. Kwa chuo cha laki tano hapo kuna laki tatu zinaelea na hazina mwenyewe.

Chukua hiyo laki tano yote kwa riba ya asilimia 8 ulipe miaka 10, rejesho ni kama dola 6,000 na ushee kila mwezi. Ukivuta mpaka miaka 20 inashuka kwenye 4,200 hivi ila riba peke yake itapita deni lenyewe. Na mkopo wa benki hauna kulipa kulingana na kipato, hauna msamaha wa utumishi wa umma, mkopaji akikwama anafuatwa mdhamini. Kaka usisaini kitu kwa sababu ya kununiwa.

#3 Gego La Mwisho
Mimi ni daktari wa meno, nipo Texas. Kwenye deni la laki tano nakubaliana na Bwana Hesabu, ila hilo la kubadili fani nalipinga kabisa. Watu wanaongea kama kazi imekufa wakati kwa takwimu za serikali za 2023 mshahara wa kati wa daktari wa meno ulikua zaidi ya dola 170,000 kwa mwaka. Kukosa kazi ni ngumu. Tena ukimaliza miaka minne ukapata leseni unaanza kazi moja kwa moja, huna lazima ya residensi, yale mafunzo ya kazini baada ya digrii, ya miaka mitatu mpaka saba kama wenzetu wa hospitali.

Kinachowaangusha vijana ni mkataba wa kwanza. Mwajiriwa analipwa kwa asilimia, mara nyingi 25 mpaka 35, sasa uliza asilimia ya nini? Ya kazi uliyoandika kwenye mfumo au ya hela iliyoingia? Ukilipwa kwa hela iliyoingia basi bima ikigoma kulipa na wewe hujalipwa, jino umelichonga, ganzi umechoma, mgongo unauma. Halafu uliza gharama ya maabara inakatwa kabla ya asilimia yako au baada. Vitu viwili hivyo kwa mwaka vinatofautisha maelfu.

#4 Lulu77
Gego wewe ulisoma Texas kwa ada ya mkazi wa jimbo, vyuo vya serikali vya huko ni kati ya vya bei nafuu nchi nzima, kwa hiyo unatuhubiria ukiwa kivulini 😀

Na marekebisho kidogo: sio kila jimbo unaanza kazi moja kwa moja. New York na Delaware wanataka mwaka mmoja wa residensi kabla ya leseni. Huyo dada kama chuo kipo New York na anataka kubaki huko alijue hilo mapema.

#5 Gego La Mwisho
@Lulu77 hilo la New York na Delaware ni kweli kabisa, asante. La kivuli tutaongea pembeni 😂

#6 mama_Nuru
Jamani mimi sio daktari, mimi ndo nakaa na madai ya bima kwenye kliniki, kila siku kuanzia asubuhi. Acheni niwaambie bima inafanyaje kazi maana huku mnataja tu jina.

Mgonjwa kaja, gego limevunjika pembeni, daktari kamaliza ruti kanali (kusafisha na kuziba ndani ya mzizi) na sasa anataka kuweka kraun, yaani kofia ya jino. Jino limebaki ganda tu, kwa hiyo lazima lijengwe kwanza ndipo kraun ishike. Nyumbani kwangu yangeitwa kazi mbili, kwenye namba za madai ya bima ni D2950 ya kujenga na D2740 ya kraun yenyewe. Napeleka dai na picha ya eksirei. Jibu linarudi kwamba ile ya kujenga ni sehemu ya kraun, hailipwi, na kama kliniki ina mkataba nao hairuhusiwi hata kumdai mgonjwa. Naandika maelezo, naambatanisha picha ya jino kabla ya kujengwa inayoonyesha kuta zilizobaki, natuma tena. Wanasema picha haionekani vizuri. Natuma tena. Siku nyingine wanalipa, siku nyingine hawalipi, na dai ni lile lile.

Na kraun yenyewe, tuseme bei ya kliniki ni 1,500, bei waliyokubaliana na bima ni 900. Ile 600 inafutwa pale pale, haipo. Bima inalipa nusu ya 900, mgonjwa nusu. Sasa hiyo 900 ulipe maabara, msaidizi, pango, umeme, mimi hapa, halafu daktari aliyesomea laki tano ndo achukue chake. Hasira yangu haiko kwa mgonjwa wala kwa daktari.

#7 Kisiki cha Mvule
mama_Nuru ubarikiwe, hii nimem-screenshotia dogo na amesoma, tiki zimekua bluu. Hajajibu.

#8 Mzee wa Gati
Salaam. Hii hadithi ina mizizi. Bima ya meno Marekani ilianzia kwa makuli wa bandarini pwani ya magharibi, 1954, chama chao kikataka watoto wa wanachama watibiwe meno, ndipo madaktari wenyewe wakaunda mashirika ya kuhudumia, na huko ndiko ilikotoka Delta Dental. Yaani madaktari ndo walioanzisha! Miaka ya mwanzo ya 1970 kikomo cha mwaka, yaani mwisho wa hela ambayo bima inalipa, kilikua kama dola 1,000. Leo mipango mingi bado iko kati ya 1,000 na 2,000. Dola 1,000 ya wakati ule ingekua zaidi ya 6,000 sasa hivi. Kila kitu kimepanda isipokua hicho kikomo.

Kwa hiyo mi naona tatizo sio ukatili wa bima, tatizo ni kwamba ile kitu sio bima. Bima ya gari ukipata ajali kubwa ndo inakuokoa. Hii ya meno ukipata tatizo kubwa ndo inakuachia njiani, usafishaji wanalipa asilimia mia, kuziba themanini, kraun hamsini, ukigusa kikomo kwaheri.

#9 Msomi Kivuli
Mzee hapo umepigilia. Ila na vyuo navyo tuviseme. Miaka yote Grad PLUS ilikua inakopesha gharama yoyote ambayo chuo kitaandika, yaani chuo kinaandika bei serikali inakopesha, nani asingepandisha? Wastani wa deni la wahitimu wa meno waliokopa umefika karibu laki tatu. Mi naunga mkono kufungwa kwa ule mkopo. Vyuo vya bei mbaya vitalazimika kushusha ada au kukosa wanafunzi.

#10 Lulu77
@Msomi Kivuli hiyo ya kushusha ada utaisubiri sana. Watakachofanya ni kupokea watoto wa wenye nazo, na wale wa kwetu wanaotegemea mkopo wabaki kwenye listi. Halafu hao wenye nazo hawaendi kufungua kliniki kijijini.

Pia kuendesha chuo cha meno ni ghali kwelikweli, lazima uwe na kliniki nzima, viti, mashine, wakufunzi kila kona. Ndo maana vingine vilifunga enzi hizo hata vyenye majina: Georgetown 1990, Washington University ya St. Louis 1991, Northwestern 2001. Havikufungwa kwa kukosa heshima.

#11 Msomi Kivuli
Na sasa viko zaidi ya 70 na vipya vinafunguliwa kila mara, so kama ni ghali hivyo mbona wanafungua? Kuna faida mahali. Na wahitimu wakiongezeka wote wanaenda kubanana miji ile ile, bima inajua ukikataa bei yake kuna mwenzako mtaa wa pili ataikubali. Hapo ndo nguvu ya bima inapotoka. Mtu akiwa na deni la 4,000 kwa mwezi hawezi kukataa mkataba wowote.

#12 Bwana Hesabu
Naongezea kwa Msomi. Mwaka 2005 karibu asilimia 85 ya madaktari wa meno walikua na umiliki kwenye kliniki wanazofanyia kazi, 2021 ilishuka kwenye 73. Hayo ni ya chama chao, ADA. Kijana akitoka na deni benki hazimnyimi mkopo wa kliniki moja kwa moja, ila yeye mwenyewe anaogopa. Anaenda kuajiriwa kwenye yale makampuni makubwa yanayosimamia kliniki. Heartland peke yake ina kliniki zaidi ya 1,700 na tangu 2018 mwenye hisa kubwa ni KKR, watu wa uwekezaji kabisa.

#13 Gego La Mwisho
Na mi niliwahi kufanya kwenye kampuni ya namna hiyo, jina siweki. Kuna uzuri, malipo ya uhakika, vifaa vipya, kuna wakubwa wa kukuelekeza. Ila kila asubuhi kikao kifupi, kwenye ukuta kuna skrini, jina lako na lengo la siku kwa dola. Mgonjwa ana ufa mdogo kwenye gego, haumi, mwaka jana ungesema tuliangalie. Sasa unaona jina lako liko chini ya mstari. Sikulala vizuri kipindi kile. Hakuna aliyeniambia chonga, hawasemi hivyo, lakini deni linaongea na skrini inaongea na wewe uko katikati na mkono umeshika drili. Hiki ndo ningemwambia mdogo wako Kisiki, sio habari za mshahara. Deni likizidi linaanza kumtibu mgonjwa badala yako.

#14 mama_Nuru
Gego 🙏🏾 hilo la mwisho tumeliona wengi tukiwa mapokezi. Kuna wagonjwa wanarudi kuuliza mbona daktari wa pili kasema halihitaji.

#15 DktPori
Wakuu poleni na majukumu. Nina DDS (digrii ya udaktari wa meno) ya nyumbani na nimefanya kazi miaka kadhaa, sasa nipo kwenye harakati za kuja huko. Nijuavyo bima za meno zimezuiwa kupangiana bei tangu 2021, na Massachusetts wamezilazimisha zirudishe 85% ya michango kwa wagonjwa kama matibabu. Kwa hiyo mambo yanaelekea pazuri, tusikate tamaa.

#16 Bwana Hesabu
@DktPori karibu. Massachusetts ni asilimia 83, kura ya wananchi Novemba 2022, na ilipita kwa kishindo, zaidi ya asilimia 70. Asilimia 85 na 80 ni za bima za afya za kawaida chini ya sheria ya Obama, bima za meno zinazojitegemea hazikuguswa na hiyo. Na sheria ya Januari 2021 iliziondolea bima za afya na meno kinga dhidi ya sheria za ushindani waliyokua nayo tangu 1945. Haijapanga bei. Bima moja moja bado inakuja na bei yake na wewe unasaini au unaondoka.

#17 Mzee wa Gati
Hao wa Massachusetts walifanya jambo. Ila ikilazimika kurudisha 83, kampuni inaweza kupandisha mchango tu ili ile 17 iwe kubwa. Tusishangilie mapema.

#18 DktPori
Shukrani Bwana Hesabu. Sasa kwa wanaonifuata inbox kuhusu njia ya waliosomea nje: digrii yako wanaiheshimu ila leseni hupati hivi hivi, majimbo mengi yanataka umalize programu ya chuo cha Marekani kilichoidhinishwa. Unafanya INBDE, ule mtihani wa taifa wa meno, mtihani wa Kiingereza, unathibitisha vyeti, unaomba kupitia CAAPID, mfumo wa maombi wa waliosomea nje, ukipata unaingia kozi ya miaka miwili au mitatu. Ada ni ile ile ya wenzako na vingine zaidi, na ukiwa na viza ya mwanafunzi mkopo wa serikali hupati hata senti. Vyuo vingi wanakuita kwanza uchonge meno ya plastiki mbele yao, wanakupa kichwa cha mdoli chenye taya, unakaa pembeni yake kama mgonjwa yupo kweli, na saa inakimbia. Mimi nimezoea kung'oa na kuziba kliniki ina foleni mpaka nje, huku wanapima ukingo wa kraun kwa milimita. Nafanya mazoezi kila usiku.

#19 Sista Pendo
Wapendwa mimi naomba niseme kitu tofauti. Mdogo wake Kisiki ameshafikiria uhaijinisti, yaani kazi ya kusafisha meno kliniki? Mimi ndo kazi yangu, nipo Minnesota. Nimesoma koleji ya kawaida ya jamii, deni langu lilikua dogo. Mwaka 2023 mshahara wa kati wa haijinisti nchi nzima ulikua zaidi ya dola 85,000 na tangu korona tumekua adimu, kliniki zinagombania. Na huku kwetu kuna ngazi nyingine ya kati, therapisti wa meno, sheria ya 2009, wanaziba na kung'oa meno ya watoto kwa usimamizi wa daktari. Alaska walitangulia kwa ajili ya vijiji vya wenyeji.

#20 Gego La Mwisho
Dada Pendo nawaheshimu mno mahaijinisti, bila nyie hatuna kliniki. Ila kumwambia mtu aliyefaulu DAT akawe haijinisti ni kumkata miguu. Mikono na mabega pia yanachakaa mapema kwenye hiyo kazi, si unajua mwenyewe.

#21 Sista Pendo
Yanachakaa ndiyo, na yako pia yatachakaa kaka. Tofauti mi yangu hayadaiwi laki tano.

#22 Lulu77
😂😂 Gego kaa kimya hapo.

#23 Msomi Kivuli
Mbona hamjataja jeshi? Skolashipu ya HPSP inalipa ada yote na posho juu, unatumikia baadaye. Au NHSC, mpango wa serikali, unafanya kazi sehemu yenye uhaba wanakulipia mpaka dola 50,000 za deni kwa miaka miwili.

#24 Bwana Hesabu
Zote mbili zinataka uraia. Huyo ana grini kadi tu, mpaka apate uraia kwanza. Kinachomfaa sasa hivi ni kazi kwenye vituo vya afya vya jamii visivyo vya faida, malipo 120 chini ya mpango wa watumishi wa umma, mkopo wa serikali unaobaki unasamehewa. Ila wa serikali tu, ile laki tatu ya benki inabaki na nyie.

#25 mama_Nuru
Na huko vituo vya jamii ndiko walipo wagonjwa wenyewe. Medicare, bima ya serikali ya wazee, tangu 1965 hailipi meno yao ya kawaida, Medicaid ya wenye kipato kidogo watoto ni lazima ila watu wazima ni jimbo linavyotaka. Maryland 2007 mtoto wa miaka 12 alikufa kwa jipu la jino lililopanda mpaka kwenye ubongo, jino ambalo lingeng'olewa kwa hela ndogo tu. Mkisema fani haina kesho mnanishangaza. Kazi ipo ya kujaza maisha, anayeilipia ndo hayupo.

#26 Mzee wa Gati
Na kazi itaongezeka. Utah na Florida 2025 wamepiga marufuku kuweka floraidi, madini ya kukinga meno yasioze, kwenye maji ya bomba, kitu ambacho Grand Rapids walianza 1945. Baada ya miaka michache mtaona meno ya watoto.

#27 Msomi Kivuli
Mzee usianze tena na floraidi, dawa ya meno si inayo? 😅 Mimi naogopa zaidi akili bandia. Programu zinasoma eksirei na zimeshapewa idhini ya FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na bima zinazitumia kukagua madai. Daktari anaona tundu, kompyuta ya bima inasema hakuna tundu. Nani atashinda?

#28 mama_Nuru
Ndo naanza kuliona hilo, kukataliwa kunarudi haraka kuliko zamani. Ila na sisi tukituma picha yenye alama za programu wakati mwingine wanakubali bila maneno. Mzee yuko sahihi kuhusu floraidi, mtoto anayekunywa maji ya bomba hahitaji mzazi mwenye bima.

#29 Kisiki cha Mvule
Wakuu nimesoma zote. Dogo kapiga simu jana usiku. Kasoma uzi mzima na anasema Gego na Sista Pendo wote wamemgusa ila bado anataka udaktari. Tumekubaliana aandike barua chuo cha jimbo kuwaambia kwamba wakimchukua anakuja bila kuuliza, na wakati huo huo tuulize hicho cha binafsi kama kuna punguzo. La kudhamini bado sijasema ndiyo. Benki moja wametutumia fomu, kuna kipengele cha mdhamini kuondolewa baadaye. Hiki ni cha kweli au chambo?

#30 Bwana Hesabu
Kipo kweli kwa baadhi yao, ila soma masharti: malipo mangapi mfululizo kwa wakati, na kama yanahesabiwa yale ya kipindi cha shule au mpaka amalize. Mara nyingi pia wanampima yeye peke yake kipato na deni kabla ya kukutoa, na akiwa bado anadaiwa laki tatu na ushee wanaweza kukataa. Angalia pia riba ni ya kudumu au inapanda na soko. Tuma hicho kipengele hapa bila majina tukisome pamoja.

#31 Lulu77
Na uliza akifariki au akipata ulemavu deni linafutwa au linakuja kwako. Wa serikali unafutwa. Wa benki, kwa mikopo ya baada ya Novemba 2018 sheria inamtoa mdhamini mwanafunzi akifariki, ila kwa ulemavu inategemea mkataba.